Kuweka andu na ridu kwenye programu ya dekstopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yamejikusanya yenyewe, mengine nimeulizwa na watu, mengine nilijiuliza mwenyewe saa nane usiku programu ikinifia kila nikibonyeza Ctrl+Z. Humu ndani "kutendua" au andu ni kurudisha nyuma kitendo cha mwisho, na ridu ni kukirejesha kile ulichokitendua. Na nikisema kodi namaanisha ile ya kuandika programu, sio ile ya kulipia.

Programu yangu imeshaisha, imebaki andu tu. Naiweka wapi?

Imebaki andu tu, hahaha. Wengi tunaanza hivyo, mimi mwenyewe nilianza hivyo. Kitufe chenyewe kuweka ni dakika tano, shida ni kwamba ukifungua kodi yako utakuta kitufe cha rangi kinabadilisha duara moja kwa moja, dirisha la mipangilio nalo linabadilisha kivyake, mausi inasogeza kivyake, halafu kuna sehemu fulani uliandika usiku wa kuamkia demo ambayo inabadilisha vitu vitatu kimya kimya na hata we mwenyewe umeshaisahau. Kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia kwenye data.

Andu inataka mlango mmoja. Badiliko lolote la hati lipite hapo, lijiandikishe, ndio liingie. Ukiacha hata kimlango kimoja cha pembeni basi staki yako (rundo la vitendo, cha mwisho kuingia ndio cha kwanza kutoka) inaamini hati iko hivi kumbe iko vile, na mtumiaji akitendua anapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na andu kabisa, maana asiye na andu anajua hana, anakuwa makini.

Kwa hiyo kama programu imeshaisha, usianze na andu. Anza kwa kufanya data iwe haiandikiki kutoka nje (fanya sehemu zote za klasi ziwe za siri), jaribu kuijenga, halafu kila sehemu itakayopiga kelele ndio kimlango cha pembeni. Zipitie moja moja. Inachosha lakini kompaila (ile inayogeuza kodi iwe programu) inakufanyia kazi ya kutafuta. Kwenye Python hakuna wa kukupigia kelele, hapo ni kutafuta kwa macho na kuomba Mungu.

Kwa ndani inafanyaje kazi?

Staki mbili. Moja ya nyuma, nyingine ya mbele. Kila kitendo unakiandika kama kitu, tukiite amri, kinachojua mambo mawili, kujitenda na kujitendua:

```python
class BadiliRangi:
    def __init__(self, duara, mpya):
        self.duara = duara
        self.mpya = mpya
        self.zamani = duara.rangi

    def tenda(self):
        self.duara.rangi = self.mpya

    def tendua(self):
        self.duara.rangi = self.zamani
```

Na mlango wenyewe ni huu:

```python
def fanya(amri):
    amri.tenda()
    nyuma.append(amri)
    mbele.clear()

def tendua():
    if nyuma:
        amri = nyuma.pop()
        amri.tendua()
        mbele.append(amri)
```

Ridu ni kinyume chake, unachukua kwenye mbele, unaitenda, unairudisha kwenye nyuma. Ndio hivyo tu, hakuna uchawi mwingine. Yote yanayofuata hapa chini ni jinsi mistari hii michache inavyokuja kukutesa.

Mfano twende taratibu. Duara ni jekundu. Unalipaka bluu, halafu unalisogeza kulia. Nyuma kuna amri mbili, mbele hakuna kitu. Unatendua mara mbili, duara limerudi jekundu mahali pake pa mwanzo, sasa nyuma ni tupu na mbele kuna mbili. Ukiridu hapo unapata bluu. Ila ukilipaka kijani badala ya kuridu, ule mstari wa mwisho wa fanya unafagia mbele yote, na ile bluu na ule msogeo vimekwenda na maji.

Mbona inauma hivyo? Kwa nini ridu ifutike kisa nimefanya kitu kipya?

Kwa sababu zile amri za mbele ziliandikwa juu ya hali ambayo haipo tena. Amri ya "sogeza" inakumbuka duara lilikuwa wapi baada ya mambo fulani kutokea, ukibadilisha hayo mambo halafu ukailazimisha, inarudisha kumbukumbu za dunia nyingine.

Wapo waliokataa hii tabia. Vim, programu ya kuandikia kodi, tangu toleo 7.0 la mwaka 2006 inatunza mti mzima badala ya staki, yaani ukitendua na kuandika kitu kipya lile tawi la zamani linabaki, unaweza hata kuiambia ikurudishe hati ilivyokuwa dakika kumi zilizopita. Emacs, nayo ya kuandikia kodi, kwa kawaida kutendua nako inakuhesabia ni kitendo, kwa hiyo unaweza kutendua kule kutendua, na amri ya ridu ya moja kwa moja kama tunavyoijua sisi imekuja kwenye toleo la 28 mwaka 2022. Mashabiki wake wanakuambia hakuna kinachopotea kamwe, na ni kweli, ila mtu wa kawaida akikaa nayo dakika tatu anachanganyikiwa kabisa. Kwa programu ya watu wa kawaida weka staki mbili, mti waachie wanaoandika kodi.

Nitumie amri au nipige snepu ya hati nzima kila hatua?

Snepu ni rahisi sana kuandika, kabla ya kila kitendo unakopi hali yote unaweka pembeni, kutendua ni kurudisha kopi. Hakuna cha kukosea kinyume. Kwa hati ndogo, mfano fomu au jedwali dogo au gemu ya ubao, usijisumbue, piga snepu uendelee na maisha.

Sasa njoo kwenye picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kila pikseli baiti 4, ni baiti 48,000,000. Hatua 50 za snepu ni kama GB 2.4, na hapo mtu kafungua picha moja tu na kachora vistari hamsini. Watu wa programu za picha wanachofanya ni kuigawa picha vipande vipande, mfano vya 256 kwa 256, kila kimoja baiti 262,144, na mstari wa brashi ukigusa vipande sita unakopi hivyo sita tu, kama MB 1.5. Vilivyobaki hatua zote zinachangia kopi moja.

Njia ya tatu ambayo mimi naipenda ni data isiyobadilika, yaani kila badiliko linazaa toleo jipya la hati lakini sehemu zisizoguswa ni zilezile za zamani, hazikopiwi. Ukiweza kuanza hivyo toka siku ya kwanza andu inakuja karibu bure, unatunza listi ya matoleo basi. Ukiwa umeshaanza na kitu kingine usibomoe nyumba, tumia amri.

Kwa nini nitunze thamani ya zamani? Si nikokotoe kinyume tu, kuongeza kinyume chake kupunguza?

Usifanye. Hii nimeona watu wajanja kabisa wakiingia nayo.

Chukua "ongeza mwangaza 50". Pikseli ilikuwa 230, mwisho ni 255, kwa hiyo inagota 255. Ukitendua kwa kupunguza 50 unapata 205. Haijarudi 230, na picha nzima sehemu zote zilizokuwa na mwanga zimeharibika, na mtumiaji anaona picha imefifia anadhani macho yake. Na hata pasipo na ukomo, fungua Python uandike 0.1 + 0.2 - 0.2 uone, inakupa 0.10000000000000003. Zungusha umbo nyuzi kumi kwenda, nyuzi kumi kurudi, fanya hivyo mara nyingi, umbo halirudi pale pale.

Andika ilivyokuwa, rudisha ilivyokuwa. Kukokotoa kinyume weka akiba kwa mambo ambayo yana kinyume kamili, mfano kugeuza picha kulia-kushoto.

Na ridu nayo ina ugonjwa wake wa aina hii. Kama kitendo kinatumia namba za bahati nasibu au saa ya sasa hivi, ridu isikokotoe upya, la sivyo mtu anatendua "tawanya nyota" akiridu anapata nyota zimekaa kwingine. Tunza matokeo, au tunza mbegu ya ile bahati nasibu (namba inayoanzishia zile nyingine, ukiirudia zinatoka zilezile).

Nikitendua mara moja iko poa, nikitendua mara ya pili au ya tatu programu inakufa. Nini hii?

Karibu kwenye klabu. Hii ndio iliyonimalizia wiki nzima kwenye programu yangu ya kuchora ramani za vyumba, na nina uhakika robo ya wanaosoma hapa wanayo na hawajaigundua bado.

Tazama mtiririko huu. Amri A inaweka mlango wa chumba (mlango wa kwenye mchoro). Amri B inaupaka rangi ya kahawia. Amri C inaufuta. Sasa unatendua C. Kodi yangu ilifanya nini? Iliunda mlango mpya, ikaupa upana uleule, rangi ileile, mahali palepale. Kwenye skrini ni uleule kabisa, ukiuangalia huoni tofauti, nikajipongeza.

Halafu unatendua B. B bado imeshika ule mlango wa kwanza, ule uliokufa wakati C inatendeka. Kwenye C++ hapo unaandika kwenye memori ambayo sio yako tena, ukiwa na bahati inakufa palepale, usipokuwa na bahati inakufa dakika kumi baadaye sehemu isiyohusiana. Kwenye Python au Java haifi, na hiyo ndio mbaya zaidi, maana inabadilisha rangi ya mzimu. Mlango wa kwenye skrini haubadiliki, mtumiaji anaona Ctrl+Z haijafanya kitu, anabonyeza tena na tena, anarudi nyuma hatua nane bila kutaka.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, kufuta kusiue. Amri ya kufuta inautoa mlango kwenye hati lakini inaushika yenyewe mkononi, kutendua inaurudisha uleule, sio pacha wake. Utakufa kweli siku amri yenyewe inatupwa kutoka kwenye staki. Ya pili, amri zisishike kitu chenyewe bali zishike namba yake, "mlango namba 17", zinautafuta kwenye hati kila zinapohitaji, na aliyefutwa akirudi anarudi na namba yake ileile. Mimi nilienda na namba. Faida ya ziada ni kwamba amri ya aina hiyo unaweza kuiandika kwenye faili.

Usisahau na upande wa ridu: tendua A mpaka mlango upotee, ukiridu A lazima urudi wa namba 17, usizae namba 18.

Mtumiaji akiburuta slaida (kile kitelezi cha kubadili thamani) nakuta amri 200 kwenye staki. Nafanyaje?

Unaunganisha. Amri mpya inapoingia inaiangalia ya juu ya staki, kama ni ya aina moja, ya kitu kilekile, basi ile iliyotangulia inachukua thamani mpya na kubaki na thamani yake ya zamani ya mwanzo kabisa. Amri mia mbili zinakuwa moja, "kutoka 10 hadi 85".

Lakini uangalie pa kukata. Mtu akiburuta, akaachia mausi, akapumua, akaburuta tena, hizo ni mbili. Nimeona programu zinazounganisha kila kitu cha aina moja mpaka mtu akitendua anarudi alikokuwa nusu saa iliyopita. Mimi nafungua kikundi mausi ikibonyezwa na kukifunga ikiachiwa, sitegemei saa. Wakati anaburuta onyesha mabadiliko kwenye skrini upendavyo, ila staki ipate amri moja tu mwishoni, na kumbuka mtu akibonyeza Esc katikati ya kuburuta vitu virudi na staki isipate kitu.

Na maandishi je? Nitendue herufi moja moja?

Herufi moja moja ni mateso, aya nzima kwa mpigo ni wizi. Kilichozoeleka ni kuunganisha herufi zinazofuatana na kukata pale mtu anapohamisha kasa ya kuandikia (kile kistari kinachopepesa), anapoanza kufuta baada ya kuandika, anapobonyeza Enter, anapopesti, au anaponyamaza kidogo. Kupesti iwe hatua yake peke yake siku zote.

Ila ushauri wa kweli ni kwamba kama fremuwaki yako (maktaba unayojengea madirisha na vitufe) ina kisanduku cha maandishi chenye andu yake, kiachie kazi hiyo. Kuandika andu ya maandishi mwenyewe kuna mambo ya lugha zinazoandikwa kwa kukusanya alama kadhaa ziwe herufi moja, ukitendua katikati ya hapo unaharibu. Ila jihadhari na kitu kimoja, kwenye Qt, ambayo ni mojawapo ya hizo fremuwaki, ukiita setPlainText kuweka maandishi mapya ile historia yote inafutika. Watu wanaiita kila hati ikibadilika kisha wanashangaa andu haifanyi kazi.

Kitendo kimoja kinabadilisha vitu mia tatu. Mtumiaji atendue mara mia tatu?

Hapana, anaona alibonyeza kitufe kimoja, basi na kurudi iwe mara moja. Tengeneza amri kubwa yenye listi ya amri ndogo. Kutenda inaenda kuanzia ya kwanza, kutendua inaanzia ya mwisho kurudi nyuma, na hiyo "kurudi nyuma" ndio watu wanaisahau.

Mfano una mistari A B C D E na mtu kachagua B na D afute, nafasi ya 1 na ya 3 kwa kuhesabu kuanzia sifuri. Ukianza kufuta nafasi ya 1 basi D imehamia nafasi ya 2, ukienda kufuta ya 3 umemuua E asiye na hatia. Kwa hiyo futa kuanzia kubwa, D halafu B, inabaki A C E. Kutendua ni kinyume cha mpangilio huo, B kwanza kwenye 1, unapata A B C E, halafu D kwenye 3, A B C D E. Ukienda bila kugeuza D anawekwa nafasi ya 3 kwenye A C E anakaa mwishoni, B anaingia, unapata A B C E D. Mtumiaji mwenye mistari mia tatu hataiona mpaka mwezi ujao.

Na kama amri ndogo ya 140 ikikataa katikati, tendua zile 139 kabla hujamwambia mtu kosa. Nusu ya kitendo isiingie kwenye staki.

Kuzumu, kuskroli, kuchagua vitu, navyo viingie?

Kuzumu na kuskroli hapana. Mtu akitendua anataka kazi yake irudi, sio kioo kirudi. Kuchagua kuna ubishi, programu nyingine zinahesabu nyingine hazihesabu. Kwenye programu za picha kuchagua eneo ni kazi yenyewe, mtu anaweza kukaa dakika ishirini anazungushia nywele, hapo lazima iingie. Kwenye jedwali au mchoro wa kawaida mimi sihesabu, ila kila amri inakumbuka kilichokuwa kimechaguliwa, hivyo ukitendua inakuchagulia kile kilichobadilika.

Na kiskrolie kionekane! Kutendua kitu kilichoko ukurasa wa nane wakati mtu yuko ukurasa wa kwanza ni sawa na kumbadilishia hati kwa siri.

Ile nyota ya "haijaseviwa" kwenye jina la faili nifanyeje iende na andu?

Kumbuka ulisevu staki ikiwa hatua ya ngapi. Ukiwa hapo, hakuna nyota, ukitoka hapo kwa mbele au kwa nyuma, nyota.

Mtego: umesevu hatua ya 5. Ukatendua hadi ya 3. Ukafanya vitu viwili vipya. Uko hatua ya 5 tena, namba zinalingana, nyota inapotea, mtu anafunga programu kwa amani na kazi yake ya vitu viwili imepotea maana 5 hii sio 5 ile. Pale unapofagia staki ya mbele na hatua iliyoseviwa ilikuwa humo ndani, iweke kuwa -1, yaani haifikiki tena. QUndoStack, staki ya andu ya Qt, inakufanyia hili yenyewe, ukiandika ya kwako liandike siku hiyohiyo.

Hatua ngapi zinatosha?

Zaidi ya moja, tuanzie hapo. Notepad ya Windows ilikaa miaka mingi na hatua moja, ukibonyeza Ctrl+Z mara ya pili inarudisha ulichotendua, mpaka Windows 10 toleo 1809 mwaka 2018 ndio ikapata nyingi. Hata Photoshop mpaka mwaka huohuo wa 2018 Ctrl+Z yake ilikuwa ya kwenda na kurudi hatua moja, kurudi zaidi ulitumia vitufe vingine.

Kwa namba: Excel ilikuwa 16 mpaka toleo la 2003, kuanzia 2007 ikawa 100. Blender inaanza na 32, Photoshop 50, UndoManager ya Swing (fremuwaki ya Java) 100. Ila namba peke yake inadanganya, amri mia za kubadili rangi ni hamna kitu na amri kumi za kichujio cha picha zinamaliza memori. Kila amri iseme yenyewe ina uzito gani, ukomo uwe wa MB, ikizidi tupa za zamani kabisa, na usishuke chini ya hatua kadhaa hata kama ni nzito.

Fremuwaki yangu si inayo tayari?

Inawezekana, angalia kabla hujaandika. Qt ina QUndoStack na QUndoCommand, ukiisukuma amri kwenye staki inaitenda palepale, kwa hiyo usiitende we kwanza halafu ukaisukuma, itatendeka mara mbili (kila mtu anakosea hapa siku ya kwanza). Kuunganisha amri kuko humo, inaitwa mergeWith, sharti amri zote mbili zitoe namba moja ya id ambayo sio -1. Swing ni kinyume, UndoManager anapokea taarifa ya jambo ambalo limeshatendeka.

Kwenye Mac kuna NSUndoManager ambaye ana akili ya ajabu kidogo, humpi amri bali unamwambia "ukitaka kurudi, ita hii", na ukijiandikisha wakati anatendua anajua mwenyewe hiyo inaenda upande wa ridu. Pia anakusanya yote yaliyotokea kwenye tukio moja yawe hatua moja. Kwenye fremuwaki ya GTK 4 sanduku la maandishi linakuja na andu imewashwa. Kwenye Tk, inayotumika sana na Python, ipo ila imezimwa, lazima uandike undo=True.

Vitufe gani?

Windows na Linux, Ctrl+Z kutendua, kuridu weka Ctrl+Y na Ctrl+Shift+Z vyote viwili, usimchagulie mtu. Mac ni Cmd+Z na Cmd+Shift+Z. Z kukaa jirani na X, C na V ni mpangilio wa zamani, ulikuwepo kwenye Apple Lisa mwaka 1983.

Kinachosumbua ni nani anaisikia Ctrl+Z. Mtu yuko ndani ya kisanduku cha kuandika jina la umbo, kakosea herufi, anabonyeza, anataka herufi irudi, programu yako inafuta umbo. Kasa ikiwa kwenye maandishi, maandishi kwanza. Na kwenye menyu usiandike "Tendua" tupu, andika "Tendua Kufuta Mlango", ukiwa hakuna cha kutendua kipauke.

Vitu visivyorudi, mfano kutuma baruapepe au kuprinti?

Karatasi ikishatoka imetoka. Kwa ya kutuma, chelewesha sekunde kadhaa na umpe mtu kitufe cha kusimamisha. Kufuta faili, ipeleke kwenye pipa la taka badala ya kuifuta kweli. Kisichorudi kabisa ndio uulize "una uhakika?", na uulize hicho tu, maana ukiuliza kila kitu watu wanabonyeza Ndio bila kusoma. Usifanye kama Excel ambayo ukiendesha makro (vitendo vilivyoandikwa vijiendeshe vyenyewe) inafuta historia yako yote ya kutendua bila hata kukohoa.

Watu wawili wakihariri hati moja kwa pamoja?

Kila mtu atendue vyake. Kusema ni rahisi, kutekeleza ni mada nyingine kabisa, maana amri yako ya zamani sasa imekaa chini ya amri za mwenzako. Kama programu yako ni ya mtu mmoja, shukuru.

Historia niiandike kwenye faili ili ibaki hata baada ya kufunga?

Vim inafanya hivyo tangu 7.3 ya mwaka 2010, ila kwenye faili la pembeni, na ukiwasha mwenyewe. Kuiweka ndani ya hati yenyewe sishauri. Mtu anaandika mshahara wa mtu, anaufuta, anatuma hati, na aliyepokea anabonyeza Ctrl+Z.

Natestije?

Kwa mkono hutaona kitu, maana we unatesti unavyofikiria. Andika testi inayochagua amri 500 za kubahatisha, kila baada ya amri inaandika hashi ya hati (alama fupi inayokokotolewa kutoka hati nzima, hati ikibadilika nayo inabadilika). Kisha itendue zote moja moja, kila hatua hashi ilingane na iliyoandikwa. Halafu iridu zote, zilingane tena. Halafu ichanganye, mbele mbili nyuma tatu. Tunza mbegu ya bahati nasibu ili ikikwama uweze kuirudia. Yangu mara ya kwanza ilikwama kwenye amri ya nne, nikairekebisha, ikakwama kwenye ya tisa.

Mtu akisevu, nifute historia?

Hapana! Watu wanasevu kila dakika, na kosa wanaliona baada ya kusevu.